Chafya ya Hadija

Nilipokuwa mtoto, kwetu jina lilitafutwa kwa chafya. Mtoto akizaliwa, akina mama wazee walimzunguka, mmoja akampitishia ugoro kidogo sana chini ya pua, kisha wakaanza kuwaita wafu wa ukoo kwa majina, taratibu, wakisikiliza baada ya kila jina. Jina lililotajwa mtoto akapiga chafya, hilo ndilo lake, na marehemu huyo ndiye aliyerudi nyumbani. Tangu siku hiyo mtoto aliitwa kwa undugu wa yule marehemu. Mimi nilipigia chafya jina la mama yake babu, kwa hiyo babu aliniita "mama" mpaka alipokufa, na kila aliponikemea alinitafuta baadaye kuniomba radhi.

Nimekuwa mwalimu karibu maisha yangu yote. Najua ugoro ni ugoro na pua ni pua. Lakini mdogo wangu anaitwa Hadija, katika ukoo wa Wakipsigis ambao hata leo hauna Mwislamu hata mmoja, na watu wakiniuliza jina hilo lilitoka wapi huwa nawajibu kwa mkato, "Ni la bibi yetu," halafu nawakaribisha chai. Si uongo. Ila si jambo la kusimulia mtu akiwa amesimama mlangoni.

Kwetu ni kilimani, si mbali na Kapsoit. Ukisimama nyuma ya ua uliona chai ya wazungu ikishuka bonde na kupanda bonde mpaka macho yachoke, na karibu kila alasiri mvua ilitokea upande wa msitu ikatukuta tukikimbia kuanua. Baba alifanya kazi kiwandani, kwenye tanuri za kukaushia majani, na koti lake lilinukia chai hata likifuliwa. Nyanya yetu, mama yake baba, tulimwita Kogo, kama Wakipsigis wote wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mchache wa maneno, na moto wa nyumba yake haukuzimika mchana wala usiku. Tulidhani ni tabia tu ya uzee.

Chini ya zizi la ng'ombe palikuwa na mahali ambapo sisi watoto hatukuruhusiwa kukanyaga. Hapakuwa na kitu ila mafiga matatu meusi, yamezungukwa na majani ya kuwasha.

"Pale ni kwa Katija," Kogo alikuwa akituambia. "Msilitaje jina hilo mkiwa karibu. Litawafuata."

Hakueleza Katija ni nani. Mimi nilimwazia kama kitu chenye meno. Mbuzi akiponyoka kuingia huko, tulimrushia mawe kwa mbali mpaka atoke mwenyewe, na mbuzi mwenyewe tulimwogopa kutwa nzima.

Ilikuwa miaka ya hamsini, msimu ule ambao mvua ya mawe huchana majani ya chai na mji mzima wa Kericho hunuka kama kiwanda. Mama alikuwa mjamzito. Watoto wawili walionifuata mimi walikuwa wamekufa wachanga, kwa hiyo mimba ile kila mtu nyumbani aliitazama kwa jicho la hofu. Alasiri moja mama aliteleza kwenye njia ya mtoni akiwa na debe la maji mgongoni. Kabla mvua haijakatika mtoto alikuwa amekwisha kuja, mimba ikiwa ya miezi saba.

Nilimwona. Kiganja cha Kogo kilimtosha mgongo na makalio. Hakulia kama watoto wanavyolia. Alitoa sauti nyembamba, kama paka aliyefungiwa nje. Kwa kuwa alikuja kwa haraka walimwita Chepchirchir, jina tunalowapa wasichana wanaozaliwa hima hima, lakini hilo lilikuwa jina la mchana tu, la kumwita akicheza. Jina la wafu, lile la kumshika duniani, lilikuwa bado.

Kogo alichukua kapu la mama la kuchumia majani, akatandika ngozi ya kondoo na koti la baba, akamlaza karibu na moto. Baadaye alimgusa miguu, akaikuta baridi. Alimtoa kapuni, akafungua blanketi lake, akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, na kujifunga.

Siku iliyofuata asubuhi akina mama wazee walikuja. Aliyewaongoza alikuwa Bot Rono, yaani mama yake Rono, jirani yetu na rafiki wa Kogo tangu wote wawili walipoolewa kilimani pale. Baba alikuwa ametoka zamu ya kiwandani, akasimama mlangoni na buti zake za matope. Alikuwa amebatizwa na mambo ya chafya hayakumpendeza.

"Mama, huyu anataka joto, hataki majina," alisema. "Acha nimpeleke hospitali ya misheni."

"Utampeleka akiwa nani?" Bot Rono akamuuliza. "Akifa njiani, utasema nani amekufa?"

Nadhani hata leo mimi nisingekuwa na jibu la swali hilo. Iliaminiwa kwamba mtoto asiye na jina hana mtu wa kumshikilia upande ule wa pili, kwa hiyo upepo wowote humchukua. Mama, aliyekuwa amelala kitandani, aliwaambia waanze.

Kogo mwenyewe ndiye aliyeita, kwa kuwa wafu walikuwa wa nyumba yake. Alimtoa mtoto uso tu kwenye blanketi. Bot Rono alichovya ncha ya kidole kidogo kwenye ugoro, akaipitisha chini ya pua ile iliyokuwa ndogo kama punje ya mahindi. Kogo akamwita nyanya yake babu. Kimya. Akamwita shangazi wa babu. Kimya. Akawaita dada za babu waliokufa, na wanawake wa zamani ambao sisi hatukuwahi kuwasikia, akarudi akaanza upya kutoka mwanzo. Mtoto alikunja uso tu, akawa anapumua kwa shida. Midomo yake ilianza kugeuka rangi.

"Bado mmoja," alisema Bot Rono.

"Nimewaita wote."

"Umewaita wa nyumba yako." Akaelekeza kidevu upande wa zizi, kwenye yale mafiga.

Nilijificha nyuma ya mtungi. Kogo alikaza macho.

"Yule hakuwa wa ukoo huu."

"Alipakwa mafuta ya ndoa na wazee nikiona kwa macho yangu. Mume wenu alimtolea ng'ombe kama alivyokutolea wewe."

"Nikimwita atamchukua mtoto."

"Au ndiye aliyemleta," Bot Rono akasema.

Mama alikuwa akilia bila sauti. "Mwite, mama," alimwambia Kogo. "Hata awe nani. Huyu ni wa tatu. Mwite."

Nilimwona Kogo akilowesha midomo. Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa neno namna ile. Kisha akaliita lile jina alilotukataza maisha yetu yote, kwa sauti ya chini, kama anayeita mlangoni kwa mtu aliyegombana naye.

"Katija."

Mtoto akapiga chafya. Ilikuwa chafya ndogo ajabu, lakini ilimtikisa mwili wote, na baada yake akalia, kilio cha kweli, midomo ikarudia rangi yake. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Baba aliondoka mlangoni akaenda kusimama kwenye mvua. Kogo peke yake hakucheka. Alimrudisha mtoto kifuani, akajifunga, akasema, "Umerudi, mke mwenzangu."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Katija alikuwa mtu. Alikuwa mke wa pili wa babu, Mnubi wa Kericho mjini, binti wa mmoja wa wale askari walioletwa kutoka Sudani zamani wakaachwa hapa na familia zao. Jina lake lilikuwa Hadija. Katija ni vile ulimi wa Kikipsigis ulivyoweza kulibeba. Alikufa angali kijana, hakuacha mtoto, na kwa kuwa hakuacha mtoto hakuna aliyemtaja, na nyumba yake ikabaki yale mafiga tu.

Kogo alimbeba mtoto yule kifuani mvua zote zile. Alikula akiwa naye, alilala akiwa amekaa, ameegemea ukuta, na alimdondoshea maziwa ya mama mdomoni kwa kipande cha pamba. Mtu akija kutaka kumpokea alikataa. Nakumbuka mama akinong'ona na baba kwamba mzee amekuwa mkali juu ya mtoto kama kuku juu ya vifaranga. Walifurahi, lakini hawakuelewa. Wala mimi sikuelewa, mpaka tulipokwenda Kericho.

Desturi ilikuwa kwamba marehemu akirudi, watu wake waambiwe. Mtoto alipopata mashavu, Kogo alimfunga kifuani akaniambia nivae gauni la shule. Alinitaka mimi kwa sababu nilijua Kiswahili, cha darasani na cha watoto wa vibarua waliotoka upande wa ziwani, niliokuwa nikicheza nao kando ya chai. Kogo alijua maneno machache tu: karibu, chumvi, maji, moto. Sikujiuliza aliyajulia wapi.

Tulitembea kutoka Kapsoit mpaka mjini, chai kulia na kushoto. Wachumaji walitusalimu kutoka katikati ya majani. Mama mmoja alimwuliza Kogo kwa Kiswahili, "Nyanya, umebeba nani huko?" Nilipomtafsiria, Kogo alijibu bila kusimama, "Mke mwenzangu," nami nikapeleka jibu hilo vilevile, na wachumaji wakacheka mpaka tukapita.

Kwa Wanubi tulielekezwa kwa Mama Saida, mdogo wake marehemu. Alikuwa ameketi barazani akisuka sinia la ukindu wa rangi, mwanamke mnene mwenye sauti laini. Alipoona sura ya Kogo alisimama polepole. Walikuwa wameonana mara moja tu, siku ya mazishi. Alituletea chai ya tangawizi, akangoja.

Kogo aliniambia niseme hivi: dada yako amerudi kwetu, ndiye huyu. Mama Saida alimtazama mtoto kwa muda. Wao hawaamini kwamba wafu hurudi, alisema kwa upole, lakini jina la dada yake likiitwa katika nyumba ile atafurahi. Kisha akauliza mtoto alizaliwaje, mbona kichwa ni kidogo hivi. Nilimweleza mimi mwenyewe: mvua, debe, miezi saba.

Mama Saida aliweka kikombe chini.

"Subhanallah," alisema. "Basi mmempa jina lake hasa. Unajua Hadija ni nini?"

Sikujua. Akanieleza. Alisema ni jina la Waarabu, la zamani sana, na watu wengi huwapa binti zao kwa heshima ya mke wa kwanza wa Mtume. Hilo ni kweli. Lakini baba yao, aliyekijua Kiarabu, alimpa dada yake kwa sababu nyingine. Waarabu wa jangwani husema neno hilo kwa ngamia jike anayezaa kabla ya siku zake. Hadija ni mtoto aliyekuja mapema, miezi yake haijatimia.

"Dada yangu alizaliwa hivyo," alisema Mama Saida. "Mdogo kama kiatu. Mama alimweka katika pamba."

Nilimgeukia Kogo nikamtafsiria. Ngamia alinishinda, nikasema ng'ombe mrefu wa jangwani. Nilidhani atafurahi, maana hata mimi mtoto niliona ni jambo la ajabu, kwamba jina la Kiarabu na lile letu la Chepchirchir yamekutana juu ya kichwa kimoja. Lakini Kogo alikuwa ameacha kunitazama. Mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa mtoto na haukusogea.

"Niliishi naye ua mmoja," alisema hatimaye. "Sikumuuliza hata jina lake maana yake nini." Kisha akaniambia, "Sasa sema kama ninavyosema. Usitie sukari."

Nikasema. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na maneno haya yalipita kinywani mwangu kabla hayajapita akilini.

"Mwambie mimi na dada yake tulizaa mvua moja. Wangu alikuwa mnene." Huyo alikuwa baba yangu. "Wake alikuja kabla ya miezi, kama huyu. Jioni mvua iliingia kwa paa lake, moto ukazimika. Alikuja mlangoni kwangu na kigae, akaomba makaa. Nilimwambia moto hautoki katika nyumba yenye mtoto mchanga. Nilimwambia ni mwiko wetu, yeye mgeni hawezi kuujua. Mwambie mwiko huo haupo. Niliutunga pale pale mlangoni."

Nilikwama. Kogo aliniambia, "Sema." Nikasema.

"Aliniamini. Alirudi na kigae chake kitupu. Asubuhi mtoto alikuwa baridi. Na yeye mwenyewe hakuziona mvua zilizofuata."

Mama Saida aliushika tena ukindu wake, nikausikia ukikwaruza vidoleni mwake, ingawa hakuwa akisuka. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Sisi tuliambiwa ni homa," alisema.

Kogo alielewa bila mimi. Aliinamisha kichwa, akaniambia neno moja tu, nimwombee msamaha. Mama Saida alipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akanijibu mimi, polepole, ili nisikosee.

"Mwambie bibi yako siwezi kusamehe badala ya marehemu. Mimi siamini kwamba dada yangu yuko hapa. Lakini yeye anaamini. Basi amwombe huyo."

Halafu akafanya jambo ambalo nimelikumbuka kuliko yote. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kipande cha pamba na kanga kuukuu, laini, akamfunika mtoto pale kifuani kwa Kogo, akaingiza ncha zake vizuri pande zote ili upepo usipite.

Tulipofika karibu na nyumbani Kogo aliniambia, "Haya ni yako na yangu." Nami nikayafunga. Asubuhi yake aling'oa majani ya kuwasha kwenye yale mafiga kwa mikono mitupu, na tangu siku hiyo tuliruhusiwa kucheza pale. Lakini hakumwomba mtoto. Nilikuwa nikimvizia. Jioni akimpasha miguu alifungua mdomo kama mtu anayetaka kuanza, kisha akaufunga. Nadhani alijua kwamba mtoto wa maziwa husamehe lolote, na msamaha wa namna hiyo haukumtosha.

Hadija alikua. Baba alimpeleka akabatizwa Ruth, jina likabaki kanisani. Kogo alimwita mke mwenzangu mbele ya watu wote, akampa kipande cha kwanza cha nyama, akagombana naye kidogo na kusalimu amri. Mtoto aliuzoea ukubwa huo. Alimwamuru Kogo avae viatu.

Alikuwa karibu kuanza shule wakati Kogo alipolala kitandani asiamke tena vizuri. Ilikuwa msimu wa baridi, ukungu ulikaa mpaka adhuhuri. Mchana mmoja sote tulikuwa nyumbani kwa mama tukipukuchua mahindi, mvua ikaja ghafla na upepo, na maji yakaingia kwa paa la Kogo. Ilipopungua mimi na Hadija tulikimbia kumtazama. Blanketi lilikuwa kavu, lakini jikoni palikuwa na majivu yenye maji. Moto ule ambao haukuwahi kuzimika ulikuwa umezimika.

Kogo alikuwa macho. Alitazama mafiga yake, kisha akamtazama mdogo wangu.

"Mke mwenzangu," alisema, "moto wangu umekufa. Nina baridi. Nipe moto."

Nilitaka kwenda mimi, maana ndimi niliyekuwa mkubwa. Kogo aliinua kidole kunizuia. Hadija aliokota kigae karibu na mlango, akatoka mbio kwenye manyunyu, na nikamwona kupitia mlangoni akirudi kutoka kwa mama, amekiinamia kigae kwa kifua chote ili matone yasiguse makaa. Aliyamwaga katikati ya mafiga, akapanga vijiti, akapiga magoti na kupuliza mpaka mashavu yakajaa majivu. Moto ukashika.

Kogo alikuwa akilia.

"Ni moshi?" Hadija akamuuliza.

"Umenipa moto," alisema Kogo.

"Si umeomba?"

Alisema hivyo tu, kwa mshangao wa mtoto ambaye hajui kwamba kuna jibu lingine, akarudi kupuliza. Kogo alifumba macho. Hakuomba kitu kingine tena siku hiyo, na siku chache baadaye tulimzika karibu na yale mafiga matatu, mahali alipopachagua mwenyewe.

Sijui nani alirudi siku ile ya chafya, au kama kuna aliyerudi. Nimesoma vitabu, nimemuuliza hata mwalimu mmoja wa Kiarabu, naye akanithibitishia kwamba ndivyo, Hadija ni aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Najua pia kwamba ni joto la Kogo lililomwokoa mdogo wangu, kama baba alivyosema. Lakini joto lile nani alilileta, kama si jina? Kogo alilipa deni la usiku mmoja kwa mwili wake wote, na hakuthubutu kusema limekwisha mpaka aliposikia kwa mwenye haki.

Hadija sasa ni nyanya. Kisa hiki nimemsimulia mwaka huu tu, tukiwa jikoni kwake, mvua ikinyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akasogeza kuni ndani ya mafiga, na kufungua mlango uliokuwa umefungwa, ili anayepita na baridi yake auone moto.